Nguzo Kumi na Mbili

Mpokea simu wa huduma ya ambulensi hakuwahi kumpandishia mtu sauti, ndiyo maana wenzake walimwita Dada Pole. Basi saa nne ile ya asubuhi simu ilipolia, akavaa hedifoni, akauliza kama kawaida yake: "Huduma ya dharura, nikusaidie nini?"

"Binti yangu amejifungua, damu haikatiki! Leteni ile helikopta yenu, upesi!"

Weee! Sauti hiyo angeitambua hata usingizini. Ilikuwa ya Bwana Nguzo.

Jina hilo alipewa na marubani. Huduma yao huendeshwa kwa michango ya watu, magari matatu na helikopta moja, na mgonjwa hubebwa bure. Lakini helikopta haishuki popote tu. Inataka tambarare isiyo na kitu. Ng'ambo ya mto, ilikotoka simu hiyo, tambarare ilikuwa moja, malisho ya Bwana Nguzo. Naye, eti kwa kuwa mlio unawashtua ng'ombe wake, akasimika nguzo kumi na mbili katikati ya malisho. "Ndege ya sadaka ikashuke kwa wenye shida," alisema, tena akicheka.

Miaka miwili nyuma, mdogo wake Dada Pole alijifungua ng'ambo hiyo hiyo, akatokwa na damu vile vile. Dada Pole mwenyewe ndiye aliyekuwa zamu. Alimsikia rubani redioni: "Kuna nguzo. Siwezi kushuka." Akampigia mwenye shamba, akambembeleza ang'oe nne tu za katikati. "Hata moja haing'oki," akajibiwa. Helikopta ikazunguka mara tatu, ikarudi tupu. Mdogo mtu akafia ndani ya gari, kabla hawajafika darajani.

Sasa usidanganyike na upole wake. Dada Pole alimwekea mtu yule kinyongo cha kwenda nacho kaburini. Kila alipopiga magoti aliomba siku moja, moja tu, ya kumtia mkononi. Na siku yenyewe ndiyo hii, imempigia simu.

"Nani yuko na mgonjwa?"

"Mama yake, ndani."

Akaandika namba ya mama mtu. Kisha akauliza swali la sita kwenye fomu, ambalo huulizwa kila anayepiga. "Uwanjani kuna vizuizi?"

"Leteni tu hiyo helikopta!"

"Nauliza, mzee. Kuna kitu chochote kimesimama?"

"Kuna... kuna nguzo."

"Basi ng'oa. Simu usikate, iweke mfukoni, nikusikie."

Bwana Nguzo akatoka mbio na sururu. Wachungaji wake walikuwa mbali, wakichunga. Alikuwa peke yake na nguzo zake.

Lakini vidole vya Dada Pole havikulala. Helikopta ilikuwa tayari inapaa, na haikuwa ikienda malishoni. Ilikuwa ikienda uwanja wa shule, kilomita mbili kutoka nyumba ile. Zamani hapo palikuwa vichuguu na visiki vitupu. Baada ya mazishi, kila siku yake ya mapumziko, Dada Pole alikwenda na jembe, yeye na wazazi wa wanafunzi, miezi mitano, mpaka pakanyooka. Bwana Nguzo alipita siku moja akawakejeli, akidhani wanatengeneza uwanja wa mpira.

Kwa simu ya pili akamwambia mama mtu, "Mama, gari letu lililo ng'ambo huko huko linakuja, linawapeleka shuleni. Msugue tumbo chini ya kitovu, kwa nguvu, usimwonee huruma." Gari likafika mlango wa mbele, malisho yakiwa mbali nyuma ya nyumba, likamchukua mgonjwa na kichanga chake.

Wa malishoni hakuambiwa kitu. Alisikika akihema, sururu ikigonga, akitukana udongo na kumwita Mungu kwa pumzi moja. Na roho ya Dada Pole ikaburudika. Nisikufiche, iliburudika kabisa.

Mara mngurumo ukasikika.

"Nimetoa nne za katikati!" mzee akapiga kelele. "Waambie washuke! Mbona inapita? Inapita jamani! Si nne zinatosha?"

"Zinatosha, mzee. Hata siku ile zingetosha."

Sururu ikaanguka chini. Kumbe alikuwa hajasahau.

"Ni wewe," akasema. "Mwanangu, nisamehe. Niue mimi. Mwite arudi, binti yangu hana kosa."

Katika sikio la pili rubani alikuwa akisema, "Tumempakia. Damu imepungua. Tunaondoka." Dada Pole akamwacha mzee alie kwa muda wa ile mizunguko mitatu ya helikopta siku ya mdogo wake, wala hakumpunguzia hata sekunde. Ndipo akasema:

"Binti yako yuko hewani, yu hai. Tumemchukulia uwanja wa shule."

Mzee alilia kama mtoto mdogo. Alipopata sauti akauliza, "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Zimebaki ngapi?"

"Nane."

"Maliza."

Simu haikukatwa. Baada ya kitambo sururu ikaanza tena kugonga, polepole. Pale ofisini mwenzake Dada Pole akapokea simu nyingine zote, na Dada Pole akaisikiliza hadi nguzo ya kumi na mbili ilipoanguka. Kisha akavua hedifoni, akamlilia mdogo wake kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu azikwe.