Masika Wawili, Picha Moja

Saa mbili na dakika kumi, Jumanne asubuhi, simu ya Immy ilipokea picha kutoka kwa Esperance, mkimbizi kutoka Kongo. Ilionyesha ukurasa wa kwanza wa tovuti ya ushirika wa kahawa wa Bwera, na katikati ya ukurasa uso wa Esperance mwenyewe, chini yake maandishi: Masika Alisi, mkulima. Esperance alikuwa ameongeza maneno matatu ya kwao ya kuuliza sababu: "Juu ya nini?"

Immy alikuwa ofisini kwake Kasese, magharibi mwa Uganda, chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, na tovuti hiyo aliijenga yeye. Aliifungua kwenye kompyuta. Uso uliotokea ulikuwa wa Alisi, kama alivyouweka wiki iliyopita. Mtu mwingine angejibu kwamba mambo yako sawa. Lakini Immy alijua kompyuta huweka akiba ya picha ilizokwisha kuziona ili isizipakue mara ya pili, basi akaufungua ukurasa kwa simu, ambayo haikuwahi kufika pale. Uso wa Esperance ukamtazama kutoka kwenye kioo.

Chanzo hakikuhitaji kutafutwa sana. Kwa Wakonzo wa Kasese, binti wa kwanza huitwa Masika, na kwa ndugu zao Wanande wa ng'ambo ya mpaka, Beni na Butembo nchini Kongo, ni vivyo hivyo. Mtoto huzaliwa akakuta jina linamngoja. Alisi ni Masika. Esperance ni Masika. Immy mwenyewe, mzaliwa wa Bugoye, ni Masika, na shuleni alizoea kuitikia kwa pamoja na wenzake. Picha ya Alisi aliihifadhi kwa jina alilomzoea nalo. Jumatatu jioni alipandisha picha za kadi za uanachama, na ya Esperance nayo alikuwa ameiita masika. Folda ilikuwa moja. Seva haiulizi Masika yupi: faili jipya lilikalia la zamani, na ukurasa ukaendelea kuita jina lilelile.

Akapiga simu.

"Dada Esperance, kosa ni langu."

"Mimi nilikuambiaka, mudogo. Ya kadi, sawa. Ya kuweka kwa internet, hapana. Sikukuambiaka?"

"Uliniambia."

"Bale batu balichoma duka yangu Beni, jina yangu habajue. Sura njo banajua."

"Sura ndiyo wanayoijua, naelewa. Nani amekuletea picha?"

"Mutoto ya dada yangu, iko Butembo. Anasema imemufikia kwa WhatsApp ya bachuuzi."

Immy hakuomba radhi mara ya pili. Radhi haifuti faili. Aliiondoa picha kwenye ukurasa, kisha akaendelea, kwa sababu kuiondoa ukurasani ni sawa na kugeuza fremu ikaelekea ukutani: picha bado imo nyumbani. Mfumo wake ulikata kila picha kwa saizi tatu, na kila saizi ilikuwa na anwani yake. Ile ya asili ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Ilipigwa kizingitini kwa Esperance, na simu iliyoipiga ilikuwa imeandika ndani yake, kwa tarakimu, mahali iliposimama. Aliyejua kuzisoma angeweza kuufuata mlango. Akafuta zote nne. Ukurasa ukabaki na mraba wa kijivu, kwani ya Alisi ilikuwa imekaliwa na ile mpya na Immy hakubaki na nakala ya kufaa.

Kabla ya saa tatu alipiga simu Yafesi, meneja wa ushirika. Alikuwa mstaafu wa jeshi, na Bwera nzima ilimwita afande, wengine kwa heshima, wengine kwa kumtania.

"Immy. Picha imeenda wapi?"

"Nimeifuta, afande. Haikuwa ya Alisi."

"Najua si ya Alisi, niko na macho. Hiyo ilikuwa muzuri kushinda ya Alisi. Iko na meno yote. Rudisha."

"Siirudishi."

"Mnunuzi wa nje anafungua tovuti saa nane. Ataona nini? Sanduku?"

"Ataona sanduku."

"Sikuombi, Immy. Hiyo ni amri."

"Mimi si askari wako. Nakuja Bwera."

"Kuja na paswadi."

Alimkuta kwenye mlango wa ghala, simu mkononi. Nyuma yake wanawake walikuwa wakichambua kahawa, Alisi akiwa miongoni mwao. Esperance alisimama kando, leso imefungwa chini hadi kwenye nyusi.

"Mimi niliihifadhi," Yafesi alisema, akageuza simu ili Immy aone. Uso wa Esperance ulikuwa umejaa kioo kizima. "Fungua kompyuta, weka, tuendelee na kazi."

"Paswadi ni mali ya ushirika, na leo nitaikabidhi kwa kamati. Picha hiyo mkono wangu hauiweki."

"Basi kazi yako hapa imeisha."

"Imeisha. Na picha haiingii."

Yafesi akamgeukia Esperance, akapunguza sauti. "Mama, wewe ni mwanachama. Ulikuja hapa bila kitu, tukakupa nafasi. Uso wako utauza kahawa ya hawa wote. Nani huko Butembo anasoma tovuti ya kahawa?"

"Mutoto ya dada yangu," Esperance alisema. "Amesoma leo asubui."

Wanawake wakacheka. Alisi hakucheka. Aliinuka, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Jina lililoandikwa hapo ni la nani, afande?"

"Lako."

"Na uso?"

"Mama Alisi, unajua vile iko. Hapa mbele meno yako..."

"Kahawa nachuma kwa mikono. Meno unayatakia nini?"

Ukutani yalikuwa yamepangwa magunia ya sampuli, yakingoja gari lililokwisha kuegeshwa nje. Mawili yalitoka kwenye shamba la Alisi. Aliyaendea, akakaa juu yake kama mtu aliyefika kwake.

"Haya yana jina langu. Jina likienda na uso wa mtu mwingine, magunia yanabaki na mimi. Mwambie mnunuzi wako anywe picha."

Wenzake wawili wakaacha kuchambua, wakaenda kukaa kila mmoja kwenye gunia lake. Dereva alichungulia ndani, akatazama waliokaa, akarudi kwenye gari lake na kuzima injini.

Yafesi aliyatazama magunia, kisha saa yake.

"Piga picha basi," alimwambia Immy. "Lakini afunge mudomo."

"Sifungi," Alisi alisema.

Immy alizima kwanza kipimo cha mahali kwenye simu yake, akafungua mlango wa pili ili mwanga uingie kutoka ubavuni. Alisi hakushuka kwenye gunia. Aliitazama kamera akatabasamu kwa mdomo wote, na pengo la mbele likatoka wazi. Immy akaipunguza picha uzito ili isiwachoshe wenye mtandao dhaifu, akaipa jina la namba ya uanachama ya Alisi, akaipandisha.

Esperance alimnyoshea Yafesi mkono. "Papa Yafesi, leta telefone."

"Iko na vitu vyangu vingi."

"Mimi nataka yangu moja tu."

Alimtazama mpaka Yafesi akampa simu. Esperance aliifuta picha, akafungua mahali simu inapoweka vilivyofutwa, akaifuta na huko pia, akamrudishia.

"Na ile ya Butembo?" alimuuliza Immy.

"Mtoto wa dada yako anaweza kufuta yake. Waliomtumia siwajui, na sina njia ya kuwafikia. Sitakudanganya."

Esperance akaitikia kwa kichwa mara moja. Akaomba zile anwani nne, akazijaribu mwenyewe kwa simu yake, moja baada ya nyingine. Kila moja ilijibu kwamba faili halipo.

Immy alimwandikia mweka hazina wa kamati paswadi. Yafesi hakutengua neno lake kuhusu kazi, wala Immy hakumwomba alitengue. Wanawake walishuka kwenye magunia, na gari likapakiwa.

Saa nane na dakika nne, kumbukumbu ya seva iliandika mgeni mmoja kutoka nje ya nchi. Picha iliyopakuliwa ilikuwa ya Alisi.