Waya wa Spika ya Barazani

Bonifasi hakuulizwa chochote kuhusu ndoa ya Furaha. Posa ililetwa kwa Agustino, mjomba wa mtoto. Mahari akapokea Agustino. Hata kipande cha shamba ambacho bibi harusi angepewa kule mlimani kingetoka kwenye ukoo wa mama yake, na msemaji wa ukoo huo alikuwa huyo huyo Agustino. Ndivyo Waluguru tulivyo. Bonifasi naye alikuwa mjomba kwa watoto wa dada yake, na huko aliogopwa vilevile. Lakini Furaha alikuwa mwanawe wa pekee, aliyemfundisha kupiga randa kabla hajajua kupika ugali, na ilimuuma kwamba siku ya harusi angekaa kama mgeni aliyealikwa kula pilau.

Kwa hiyo kikao cha harusi kilipofika kwenye habari ya muziki, akasimama.

"Muziki niachieni mimi."

Agustino akacheka. Alikuwa mtu mnene, mwenye kucheka kwa tumbo. "Shemeji, tumeshazungumza na bendi ya mjini."

"Bendi watakula mchele wote, halafu saa kumi wanasema wamechoka. Mimi nina mashine."

Mashine alikuwa nayo kweli. Bonifasi alikuwa seremala pale Bigwa, na mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha kilimo chuoni alimtengenezesha masanduku ya kusafirishia vitabu vyake kurudi kwao. Badala ya hela akampa mashine ya kupigia santuri, amplifaya yake, spika mbili ndefu kama watoto wa darasa la kwanza, na santuri moja kubwa ya muziki wa Kongo. Nyaya za spika hazikuwepo. Mzungu alikuwa amezipitisha ndani ya ukuta wa nyumba ya chuo na akaona uvivu kuzichomoa.

"Sawa," alisema Agustino. "Lakini nakuja Alhamisi kusikiliza. Isipolia sawasawa, naita bendi, na wewe utakaa utulie."

Bonifasi hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameshaijaribu mashine sebuleni kwa vipande viwili vifupi vya waya wa taa, spika zote mbili zikiwa juu ya kabati, na ililia mpaka Furaha akaacha kufua akaja kucheza na mapovu mikononi. Kulikuwa na wimbo mmoja, wa tatu upande wa kwanza, ambao magitaa yanaanza yakizungukana, kisha mwimbaji anaingia taratibu kama mtu anayebisha hodi. Furaha akasema, "Baba, nikitoka nje siku hiyo, nitoke na huu." Basi, imekwisha. Huo ndio ungekuwa wimbo wake wa kutoka.

Kilichobaki ni waya mrefu. Wanaume wangekaa mbele ya nyumba, barazani na chini ya turubai. Wanawake wangekaa nyuma, uani, karibu na jiko. Hilo halikuwa la kujadili, maana bibi yake Furaha, yaani mama mkwe wa Bonifasi, angeteremka kutoka Kinole, na Bonifasi hakuwa mtu wa kukaa akitazamana na mama mkwe wake, wala mama mkwe hakuwa mtu wa kukubali. Tangu amuoe Yustina walikuwa wanasalimiana kupitia mlango. Spika moja basi ingekaa barazani, nyingine uani, kila upande upate haki yake. Ni haki ya kawaida tu, mtu hahitaji kusoma sana kuijua.

Akaenda mjini kwa Kanubhai.

Duka la Kanubhai siku zile lilikuwa na rafu nyingi kuliko vitu. Sabuni ilikuwa ya foleni, na betri za tochi zilikuwa habari za kusimuliana. Lakini waya ulikuwepo, kwa sababu hakuna aliyeutaka.

"Nataka waya wa spika," alisema Bonifasi.

"Waya wa spika haupo, Fundi. Haujawahi kuwepo. Kuna waya wa kengele, huu mwembamba. Kuna waya wa pasi. Kuna huu wa taa, wa pacha. Na kuna huu mnene, nilileta kabla ya Azimio, aliyeuagiza akahama nchi."

"Upi unafaa spika?"

"Yote ni waya."

"Sasa mbona iko aina nne?"

Kanubhai akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Fundi, ukienda karibu, mwembamba unatosha. Ukienda mbali, sauti inachoka njiani, unataka mnene. Mnene ni bei."

"Kwa hiyo wa taa?"

"Wa taa uko katikati. Mimi nisingekushauri wa taa, wala nisingekukataza."

Bonifasi akatoka nje akiwa anajua kidogo kuliko alivyoingia. Pale kibarazani alikuwepo fundi redio mmoja akichoma risasi ya kuungia nyaya, akamuuliza na yeye. Fundi akamwambia unene si kitu, cha maana ni shaba. Auchune waya aangalie rangi, ukiwa mweupe ni takataka. Mpita njia mmoja aliyekuwa amesimama tu, asiyehusika na chochote, akasema nyaya zote mbili lazima zilingane urefu, la sivyo spika moja itawahi kuimba kabla ya mwenzake. Bonifasi akarudi ndani, akanunua waya wa taa kwa sababu ndio ulioendana na hela, wa urefu sawa kwa zote mbili ingawa uani ni karibu zaidi, akauchuna palepale kaunta kwa meno. Ulikuwa shaba.

Jumatano akafunga kila kitu. Akiwa mtu wa vipimo, alitia alama kwa penseli yake ya kazi nyuma ya amplifaya: tundu la kwanza akaandika MBELE, tundu la pili NYUMA, asije akachanganya. Akaweka santuri, akashusha sindano kwenye wimbo wa tatu, akatoka barazani.

Magitaa yakaanza, yakazungukana. Ngoma ikaingia. Bonifasi akasubiri ile hodi ya mwimbaji.

Mwimbaji hakuja.

Magitaa yakaendelea, mazuri tu, yakifika pale anapopaswa kuimba, yakimpisha, yakimsubiri, yakiendelea bila yeye. Kwa mbali sana kulikuwa na kitu kama sauti ya mtu, labda jirani. Bonifasi akainamia spika, akaweka sikio. Magitaa.

"Mama Furaha!" akaita kupitia korido. "Huko nyuma mwimbaji yupo?"

"Yupo!" akajibu Yustina kutoka jikoni. "Anaimba vizuri sana."

Akakaa juu ya ngazi, akafikiri. Nyuma yupo, mbele hayupo. Mashine moja, santuri moja. Tofauti ni nini? Waya. Waya wa mbele lazima una ubovu. Basi akafungua nyaya zote mbili, wa nyuma akauleta mbele, wa mbele akaupeleka nyuma, kila mmoja akauchomeka kwa kufuata alama za penseli. Akapiga tena.

Barazani, magitaa. "Mama Furaha! Sasa?"

"Bado anaimba!"

Kwa hiyo ule waya mbovu, ukienda nyuma, unapona. Akabadilisha spika. Ya uani akaileta mbele, ya mbele akaibeba mpaka uani huku Yustina akimwambia asimkanyagie mchele. Akapiga. Magitaa. Akaipiga kofi spika. Magitaa.

"Baba Furaha, unampiga nani?"

"Nyamaza kwanza, nafikiri."

Usingizi ulikuja na jibu. Sauti inachoka njiani, Kanubhai alisema. Ngoma na gitaa ni vitu vizito, vinajikokota. Sauti ya mtu ni nyepesi, inapotelea njiani. Kwenda jikoni waya ulikuwa umekunjwa robota, lakini mwendo wenyewe ni mfupi, sauti labda inajua mkato. Kwenda barazani unazunguka dirisha na nguzo. Hoja hii ilikuwa na matundu na Bonifasi aliyaona, lakini ndiyo hoja aliyokuwa nayo.

Alhamisi asubuhi akachukua hela aliyoweka ya viatu vya harusi, akarudi kwa Kanubhai kununua ule mnene.

"Nilijua utarudi," alisema Kanubhai.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Na nilikwambia pia kinyume chake."

Waya ulikuwa mnene kama kidole cha mtoto, mgumu kukunja. Akaufunga mbele. Magitaa yakalia kwa nguvu zaidi, safi, kila uzi ukisikika. Mwimbaji hakuwepo kabisa.

Agustino akafika wakati huo huo, akasimama barazani mikono nyuma, akasikiliza wimbo mzima. Ulipokwisha akasema, "Ni karaoke ya mabubu?" La, hakusema hivyo, neno hilo halikuwepo, alisema kibaya zaidi. Alisema, "Shemeji, umeokoa mchele wa mtu mmoja. Bendi yako haina mwimbaji."

"Yuko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Jikoni."

Agustino akacheka kwa lile tumbo lake mpaka akashika nguzo. Lakini alipokwenda mjini kuita bendi, wale jamaa walikuwa wameshachukuliwa na harusi ya Mikese. Akarudi kanuna. "Basi ni wewe tu," akamwambia Bonifasi. "Mtoto akitoka nje kimya, ukoo mzima utajua ni kwa nini."

Jumamosi ikafika. Kutoka kanisani watu wakajaa, wanaume mbele, wanawake nyuma, mama mkwe kakalia kigoda katikati ya wenzake kama hakimu. Bonifasi alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi na katambuga za tairi miguuni. Akapiga nyimbo mbili za kwanza. Wanaume wakatikisa vichwa kwa adabu. Mmoja akauliza, "Huyu anayepiga ngoma hivi, anamwimbisha nani?" Kicheko. Kutoka uani nako wanawake walikuwa wanapiga makofi wenyewe, na Bonifasi hakuelewa kwa nini wapige makofi wakati ngoma ipo.

Ukafika wimbo wa tatu. Furaha alikuwa amesimama katikati ya korido, shela kichwani, akisubiri kutolewa. Bonifasi akashusha sindano. Magitaa yakaanza. Akafumba macho.

"Baba," akaita Furaha. "Baba, njoo."

"Toka mwanangu, wimbo ndio huu."

"Njoo usimame hapa kwanza."

Akaenda. Akasimama kando ya bintiye, pale katikati, mlango wa mbele uko wazi, mlango wa nyuma uko wazi. Kutoka barazani yalikuja magitaa. Kutoka uani akaja mwimbaji, peke yake, bila hata kigoma, akibisha hodi yake taratibu. Vyote viwili vikakutana kwenye shela la Furaha.

"Mwimbaji anakaa jikoni na wapigaji wanakaa barazani," alisema Furaha. "Nani kawatenganisha?"

Bonifasi akatazama mbele, akatazama nyuma. "Mimi," akasema. Yustina alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma na mwiko. Bonifasi akamgeukia. "Wewe! Mbona hukuniambia kwamba huko hakuna magitaa?"

"Uliniuliza mwimbaji."

Hakukuwa na wakati wa kugombana. Akanyanyua sindano, akatoka barazani, akamwambia Agustino mbele ya watu wote kwamba spika lazima zikae pamoja, na watu lazima wakae pamoja, kwenye uwanja wa pembeni wanakoanika mpunga, wanaume kwa wanawake. Agustino akamtazama. Hili halikuwa la baba kuamua, lilikuwa lake.

"Na bibi?" akauliza Agustino.

"Bibi akae mbele kabisa. Mimi sitaonekana."

Agustino akaingia ndani akazungumza na mama yake. Bonifasi alisikia sauti ya bibi kizee kupitia mlango, ile ile aliyoisikia miaka yote. "Mimi tangu asubuhi nasikiliza mtu anayeimba mkavu kama msibani. Kama ana wenzake, waleteni."

Viti vikahamishwa. Waya mnene haukufika uwanjani; akaunganisha na kipande cha waya wa taa kwa kusokota, na kwa kuwa hakuwa na utepe wa umeme wala muda, akakaa mwenyewe nyuma ya kona ya nyumba akiyashika maungio mtoto asije akayakanyaga. Hapo mama mkwe hakumwona. Hapo pia, spika iliyokuwa karibu naye ilikuwa ya magitaa, na ukuta ulikula kila kitu kingine.

Magitaa yakazungukana. Kisha akasikia watu zaidi ya mia wakipumua kwa pamoja, halafu vigelegele, na akajua kwamba mwimbaji kaingia na Furaha katoka.

Agustino akaja kukojoa nyuma ya nyumba, akamkuta. Akasimama kidogo, jasho likimtoka kwa kucheza.

"Shemeji, hii hapana. Hii bendi wasingeweza." Akautazama waya mikononi mwa Bonifasi. "Kwa hiyo ilikuwa ni waya?"

Bonifasi akafikiri. Aliona vizuri kwamba haikuwa waya. Aliona pia kwamba kama si waya, basi hajui ni nini, maana nani amewahi kusikia santuri inayogawa watu, huyu jikoni, wale barazani? Na viatu vyake viko ndani ya waya huu.

"Waya ulisaidia," alisema.

"Wewe unamsikia mwimbaji hapo ulipo?"

"Namsikia."

Agustino akarudi kucheza. Bonifasi akabaki amechuchumaa, maungio yamepata joto kidogo kwenye vidole, akisikiliza magitaa yakifika pale pa kumpisha mwimbaji. Hapo, taratibu, ili asisikike upande wa pili, akaimba mwenyewe.