Msalaba wa Waridi

Asubuhi ile Glenys Pargeter alimpita wombati, mnyama mnene wa Australia achimbaye mashimo na kubeba mtoto kifukoni, aliyegongwa na gari akafa kando ya barabara, pale darajani, na hakusimama. Mgongoni mwa mnyama palikuwa na msalaba wa rangi ya waridi, na katika bonde lile kila mwokoaji wa wanyama alijua maana yake: mtu amekwishatia mkono kifukoni, hamna mtoto, endelea na safari. Glenys aliendelea. Kulikuwa na wombati wengine wanaoliwa na upele mpaka macho yanazibika, na alikuwa akienda kuwatundikia dawa kwenye milango ya mashimo yao, iwamwagikie wakipita.

Alasiri, akirudi, alisimamisha pikapu ili auburute mzoga porini. Tai wakishuka kula barabarani nao hugongwa, na madereva wa huku hawapunguzi mwendo hata kwa binadamu. Akaushika mguu wa nyuma. Tumbo la mzoga likacheza.

"Haiwezekani," alisema.

Alipiga magoti kwenye kokoto, akatia mkono kwa nyuma. Kifuko cha wombati hufungukia huko, ili mama akichimba asimjazie mwanawe udongo. Vidole vyake vikagusa kitu kidogo, kisicho na manyoya, chenye uhai. Kilikuwa kimeng'ang'ania chuchu ya maiti. Hakukivuta, maana angekichana kinywa. Aliikata chuchu kwa mkasi, akakitia kifuani, chini ya sweta. Kilikuwa cha baridi hata akashtuka. Kutwa nzima kilikuwa kimelala humo, chini ya msalaba unaosema hakimo.

Rangi ya waridi alikuwa nayo mtu mmoja tu, Lachie Brandreth.

Alimkuta kwenye uwanja wa klabu ya waokoaji, anachoma soseji, anawasimulia watu jinsi alivyoikagua barabara nzima kabla hata ya kunywa chai. Lachie alikuwa ametoka nyanda za magharibi msimu ule ule, na huko alikuwa ameokoa kangaruu wengi. Alipoalikwa kwenye mafunzo ya wombati alicheka, akasema mfuko ni mfuko.

"Glenys, mpenzi! Chukua soseji."

"Soseji kale mwenyewe. Yule wa pale darajani, ulimkagua?"

"Nilimkagua, bwana. Nimetia mkono, hamna kitu."

"Umetia wapi?"

"Si kifukoni? We vipi leo, umeamkia upande gani?"

"Lachie, nakuuliza. Wapi?"

Akajionyesha tumboni mwake, mkono ukishuka kutoka kifuani. "Hapa. Kwa juu. Nikakuta ngozi tupu, nikajua huyu hana..."

"Hiyo ni kangaruu, we mpumbavu! Kangaruu!" Glenys alifungua sweta. "Na huyu ni nani, basi? Mzimu?"

Mtu mmoja alicheka. Soseji zilianza kuungua na hakuna aliyezigeuza.

"Sikujua, Glenys. Wallahi sikujua."

"Ungekaa kimya basi! Ungeacha kupaka! Bila ule msalaba wako ningesimama asubuhi. Kila mtu angesimama." Hakujali nani anamwona. "Umewapaka wangapi?"

Lachie aliitazama barabara.

"Wote," alisema.

Glenys alimtupia ufunguo wa pikapu. "Endesha. Mimi mikono yangu ina kazi."

Kwenye kona ya kwanza kulikuwa na jike mkubwa, na msalaba wake uling'aa kana kwamba umepakwa sasa hivi. Lachie alipiga magoti, kopo lake la rangi likitokeza mfukoni mwa koti.

"Kwa nyuma," Glenys alisema akiwa dirishani. "Mpaka kwenye kiwiko."

Alitia mkono. Alichokitoa kilikuwa na manyoya tayari, laini, na kucha zilizokamilika, na kilikuwa kimekauka kama gome. Alikinyoosha kuelekea dirishani kwa mikono miwili, macho yamemjaa machozi, akitaka kupokelewa.

Glenys hakukipokea. Chini ya sweta yule mwingine alikuwa ameanza kupata joto, akimkwaruza.

"Mlaze hapo kwenye kiti katikati yetu," alisema, "umwone. Tena lete hilo kopo lako la rangi."

Lachie alipompa, Glenys alilirusha nyuma ya pikapu, akageuza uso kutazama mbele, ambako alama nyingine ya waridi ilikuwa inaonekana.

"Twende."