Nimwandae?

Krrr-tak. Krrr-tak.

Ndoto yangu ya usiku wa jana ilianza na mlio huo, kabla sijaona chochote. Nilidhani panya anatafuna mkeka. Kumbe ni Kiendeshi A, mwenye tundu la juu katika kompyuta ya ofisini kwa mjomba, anasafisha koo.

Mkononi nina disketi. Ndani yake mna beti zote za bibi yangu, Mwanakombo. Alinighania, nikazipiga chapa, maana haoni tena, na kumbukumbu nayo imeanza kumtoroka. Nakala nyingine hakuna.

"Ondoa kidole!" Disketi anapiga kelele. "Umenishika utupu!"

Kweli, kidole gumba changu, chenye plasta, kimegusa kile kidirisha kinachoonyesha utando mweusi. Naomba radhi. Namtia mdomoni mwa Kiendeshi A, nafunga komeo.

"Mgeni huyu simfahamu," Kiendeshi A anasema. "Nimwandae?"

Mimi nimelelewa. Mgeni huandaliwa.

"Mwandae," nasema, "tena vizuri."

Ofisi inageuka duka la kinyozi. Disketi amekaa kitini, shuka shingoni, Kiendeshi A anamnyoa. Beti za bibi zinaanguka sakafuni neno moja moja, vina vikitangulia.

"Unafanya nini, mshenzi wewe?"

"Namwandaa. Kumwandaa disketi ni kumfutia chote alicho nacho, ndipo aandikwe upya. Umekubali mwenyewe."

"Mimi nilidhani sinia la pilau!"

"Hapa hatupiki."

Damu ilinichemka. Nani aliwapa ruhusa ya kulichukua neno letu la ukarimu na kulifanya wembe? Nikamtukana kwa ubeti kamili, papo hapo, nikigonga meza.

"Mizani imetimia," akasema Kiendeshi B, mdogo wake, kutoka tundu la chini. "Lakini kaka hasikii mashairi. Anatazama pengo."

"Pengo gani?"

"La ubavuni mwa disketi. Likiwa wazi, yeyote anaandika, yeyote anafuta. Likizibwa, kaka hagusi."

"B, funga mdomo!"

"Sifungi! Kila mgeni unamla wewe, mimi nalala njaa."

Nabandua plasta yangu, naziba pengo. Wembe unasimama hewani.

"Amelindwa," Kiendeshi A ananung'unika, kama mtu aliyenyang'anywa nyama. Maneno yanainuka sakafuni, kila moja linarudi kwenye mstari wake.

Niliamka nikiwa nimekunja ngumi. Kidole gumba kilikuwa kitupu. Disketi ilikuwa palepale nilipoiacha jana, juu ya stuli, na pengo lake limezibwa kwa plasta yangu.

"Kitwana!" bibi akaita kutoka chumba cha pili. "Asubuhi yote hii unamtukana nani?"

"Mwizi wa maneno, bibi."

"Umempata?"

"Nimempata. Na nakuahidi, bibi: leo, kabla sijatia kitu mdomoni, nazinakili beti zako kwenye disketi ya pili. Na atakayeniuliza tena 'nimwandae?', nitamwambia anionyeshe kwanza pilau."