Mke Mwenza Agoma Kupigwa Picha

Nimepiga picha maharusi walionuniana tangu asubuhi. Nimepiga picha watoto waliolia utadhani wanachinjwa. Lakini farasi? Jamani, farasi yule alinitoa jasho mpaka nikaisahau kazi niliyoijia.

Aliitwa Mke Mwenza. Jina hilo alipewa na marehemu mke wa mzee mwenye farasi, kwa sababu mumewe alikuwa habanduki zizini. Kwa miaka na miaka farasi huyo jike alivuta mkokoteni wa maziwa, Mzee akiwa ubavuni mwake, na maziwa hayo ndiyo yaliyomlea na kumsomesha binti yao wa pekee. Sasa Mzee alikuwa ametoka hospitali alikolazwa kwa kuvunjika nyonga, na hata ndoo ya maji hakuiweza tena. Kesho yake lori lingekuja kumpeleka farasi kwenye shamba la mbali, kwa watu wa kumtunza.

"Mama Picha," binti aliniambia, "nataka picha moja tu ya Baba na huyu mama yangu mdogo. Aiweke karibu na kitanda."

Picha moja tu! Nikajisemea, hii kazi nitaimaliza chai haijapoa.

Mzee akatoka nje na mkongojo wake, kapendeza kweli, suti mpya, viatu vinang'aa. Binti alikuwa amemmiminia manukato mpaka nikapiga chafya. Nikamsimamisha kando ya zizi penye mwanga mzuri, nikamwambia ashike kamba. Akanyoosha mkono. Mke Mwenza akanusa, akalaza masikio nyuma, akatugeuzia matako.

Nikahamia upande wa pili. Akageuka tena. Nikampa karoti, akaila, kisha yale yale matako.

"We bibi, nani kakuroga?" nikamfokea. Akanichapa mkia wa uso. Binti akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka.

Wala Mzee hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imelegea.

"Muda wote nimelazwa kule nilikuwa namuwaza yeye," alisema. "Kumbe mwenzangu kanisahau. Basi, mwacheni, msimlazimishe." Na mimi hasira yote ikaniisha, nikabaki na aibu.

Binti akachuchumaa mbele yake. "Baba, hajakusahau. Hata mimi siku ile nilipokukuta wodini wamekunyoa ndevu, si nilikipita kitanda chako bila kukutambua?" Akamnusa baba yake, akajipiga kofi la paji la uso. "Ni mimi! Nimekunukisha kama duka!"

Akakimbilia ndani, akarudi na koti la kazi la Mzee, kiwiko kimoja kiraka, kingine tundu. Alikuwa ameshalitia kwenye mfuko wa takataka kwa sababu ya harufu ya zizi. Mzee akanawa shingo na mikono, akavua suti, akalivaa. Kisha akapiga ulimi, "Tk, tk."

Masikio yakasimama. Mke Mwenza akaja mwenyewe, bila kuvutwa. Akanusa mkono wa koti, akapanda mpaka kwenye kola, akaweka kidevu begani kwa Mzee na kushusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

"Ahsante," Mzee alimwambia sikioni. "Umenilelea mwanangu. Ahsante sana, mama."

Binti naye akaegemeza paji la uso kwenye shingo ile. "Ahsante, mama mdogo."

Nikabonyeza huku machozi yananitoka. Kichwa cha farasi kilikuwa kimeziba nusu ya uso wa Mzee, nikataka kurudia.

"Thubutu!" Mzee akasema. "Hiyo hiyo."

Mpaka leo naushukuru ukaidi wa farasi yule. Angetulia mapema, ningepiga picha ya suti.

Kesho yake nilipopeleka picha, imeshatiwa fremu, nilikuta lori getini na farasi ameshapandishwa. Mzee aliitazama picha muda mrefu, akanishika mkono, akashukuru. Kisha akavua lile koti na kumpa dereva.

"Baba!" binti akashangaa. "Si usiku kucha umelala nalo?"

"Mimi nina picha," Mzee akajibu. "Yeye je? Litundikeni zizini kwake, karibu na kichwa. Asije akadhani nimemsahau."

Dereva akalipokea kwa mikono miwili.