Utepe wa Waziri

Redio ilipotangaza kimbunga, sisi wa Boca Guayo, pwani ya Karibi, tulikuwa na jengo jipya la kujihifadhia, la zege tupu. Shida ilikuwa utepe mwekundu mlangoni. Waziri alipangiwa kuukata Jumamosi, na kimbunga kilitarajiwa Alhamisi.

Alhamisi asubuhi tulikuwa watu tisini mvuani, na vifurushi vyetu vichwani. Eusebio, mkuu wa kamati ya dharura, alisimama mlangoni na simu sikioni.

"Nasubiri ruhusa kutoka mjini," alisema. "Vumilieni kidogo."

"Na upepo nao umeuambia uvumilie?" aliuliza Bi Eneida, mkaanga samaki, aliyemjua Eusebio tangu akiwa mtoto mchanga.

"Mama, nitafukuzwa kazi."

"Basi geukia kule, mwanangu. Hujaona kitu."

Eusebio akageuka. Bi Eneida akatoa mkasi wake wa kukatia mapezi, akaukata utepe, tukaingia sote. Hadi jioni mabati ya mtaa mzima yalikuwa yamesharuka, lakini hakufa mtu.

Jumamosi waziri alikuja na wapiga picha. Eusebio, macho chini, alituomba tutoke nje kidogo, wagonjwa pia, ili jengo lifunguliwe. Utepe ulikuwa umeungwa kwa pini. Waziri aliukata, akasema kuanzia siku hiyo tuna pa kukimbilia. Tukapiga makofi kwa adabu, kisha tukarudi ndani kulala, maana nyumba hatukuwa nazo tena.