Majani ya Kijani

Mtu akikublock kwa sababu umemkosea, hiyo unaelewa. Lakini mimi na Fuad hata hatujawahi kuonana. Nilimtumia voice moja tu WhatsApp, akaisikiliza, tiki zikawa bluu, halafu kimya. Nikipiga haiingii. Hata picha yake ikapotea.

Na Fuad ndiye wakala wetu mpya Dar es Salaam. Yeye ndiye alifaa kutoa kontena ya Gervas bandarini na kuipandisha kwa lori iende Burundi, maana Burundi haina bahari, kila kitu lazima kishukie kwa jirani kwanza. Ndani ya kontena ni chai ya kijani kutoka China. Sasa chai ikikaa kwa lile joto la Dar inashika unyevu, na ikishika unyevu ni ya kutupa.

Gervas ni Mrundi, anatunza wazee hapa Amerika, huko Columbia Heights. Mke wake amefungua duka Bujumbura, shelfu ziko tupu zinangoja. Ukimwambia Burundi si inalima chai yake, anakasirika: "Ile ni nyeusi! Hii watu wanaiulizia kila siku, wanaikosa."

Mimi nilimaliza shule juzi tu Manassas. Mathe anataka nisomee unesi kama yeye, lakini kukaa darasani tena siwezi, miguu inawasha. Nikapata kazi Herndon kwa Bi Mahfudha, mama wa Kizanzibari anayesafirishia watu mizigo. Nilikuwa napanga maboksi, halafu akaniambia: "Njuguna, mzigo huu wa Gervas ukifika salama, meza ya mizigo ya Dar ni yako. Ukikwama, rudi kwenye maboksi, na mama'ako nitamwambia akuandikishe huo unesi."

Basi asubuhi moja Gervas akaingia ofisini na nguo za kazi bado mwilini.

"Mon petit, kijana wangu, chai yangu iko wapi?"

"Dar."

"Kila siku Dar! Bibi yangu anasema labda hiyo kontena nilitumia bibi mwingine."

"Fuad ameniblock, nikaogopa kusema. Lakini mimi nilifanya kazi yangu," nikasema. "Wacha niwachezee ile voice, msikie kama kuna mahali nilikosea."

Nikaweka simu mezani. Sauti yangu ikatoka, imejiamini ajabu:

"Niaje bosi Fuad, ni Njuguna wa Amerika. Yale majani yetu ya kijani yamefika na meli. Yamefungwa poa sana, hakuna harufu inatoka. Usikubali mtu ayafungue ovyo. Kuna jamaa Burundi anayangoja vibaya sana. Yatoe chapchap, tutaongea vizuri."

Bi Mahfudha akavuta mtandio mdomoni. Mabega yakaanza kucheza.

"Majani ya kijani," akasema.

"Si ndiyo green tea?"

"We mwana we! Majani gani?"

"Majani. Kwetu mathe akisema niletee majani dukani, naleta ya chai, siendi kuleta nyasi."

"Kwenu. Kijana wa Dar ukimwambia majani, tena ya kijani, tena hayatoi harufu, tena yasifunguliwe..." Akashindwa kumaliza. "Umemwambia umemletea kontena zima la bangi!"

Gervas akakaa juu ya boksi. "Bangi," akasema polepole. "Na jina yangu iko juu ya makaratasi."

Hapo kicheko kikakatika. Kama Fuad alikuwa ameripoti, hiyo chai ingetoka lini? Bi Mahfudha akampigia kwa simu ya ofisi, akaweka spika.

"Shikamoo mama," Fuad akasema, "lakini kama ni habari ya yule kijana, mimi nina mke na mtoto. Sifanyi hizo biashara. Niliwaza hata kwenda polisi, nikaona wataanza na mimi."

"Marahaba baba. Zile nyaraka nilizokutumia umezifungua?"

"Nizifungue ili nionekane nimezifungua?"

Bi Mahfudha akanisukumia simu. "Umevuruga wewe, tengeneza wewe. Sema Kiswahili cha watu."

"Kaka Fuad, shikamoo," nikasema.

"Usiniamkie. Sema."

"Ni chai."

"Chai gani ya kijani? Chai ni nyekundu."

"Iko ya kijani. Ni yale maja..." Bi Mahfudha akanifinya. "Ni chai ileile, mti uleule. Hawaiachi igeuke nyeusi, wanaipitisha motoni mapema, inakauka ikiwa bado kijani."

"Yaani chai ya rangi, ila rangi yenyewe kijani."

"Hiyo hiyo!"

"Sasa mbona hukusema hivyo?"

"Sikujua inaitwa hivyo."

"Na 'tutaongea vizuri'?"

"Kwetu ni kuagana tu."

"Kwetu ni rushwa, kaka."

Tukasikia anabonyeza kompyuta.

"Chai," akasema. "Kila ukurasa chai. Mungu wangu, nimekosa usingizi bure." Akaanza kucheka, na mimi nikapumua. "Naanza kuitoa leo. Ila wakinidadisi getini niwaambie inanyweka vipi? Sukari kiasi gani?"

"Non! Hakuna sukari!" Gervas akaruka.

"Nani huyo?"

"Mwenye bangi," nikasema.

Haikutoka siku hiyo, wala ya pili. Kulikuwa na ukaguzi, wakafungua maboksi kadhaa, wakanusa. Mimi nikarudi kwa maboksi yangu nikiwa nimetulia kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Halafu Fuad akatuma picha: lori jekundu, kontena imekazwa juu yake, Fuad amesimama kando ya tairi ameinua ngumi juu.

Bi Mahfudha ameniruhusu nikae mezani kwa majaribio mpaka mzigo ufike. Kila neno namuuliza kabla sijalituma. Amechoka na mimi, lakini anajibu.

Leo Fuad ameandika wamepita Singida, chai iko kavu. Nikampigia Gervas kazini, akauliza Singida ni wapi. Nikafungua ramani nikamsomea yaliyobaki, Nzega, Kahama, Nyakanazi, kisha mpaka wa Burundi, na yeye akawa anayarudia moja moja kwa sauti, mpaka mzee anayemtunza akauliza anaongea na nani.